Ukurasa Unafunguka, Hati Haifunguki: Mwongozo wa Ruhusa za Hati Zilizopachikwa Kazini

Kila wiki napokea swali lile lile kwa maneno tofauti kidogo: "Kaka, ripoti nimeiweka kwenye ukurasa wa idara, mimi naiona vizuri, lakini wenzangu wanaambiwa waombe ruhusa." Wiki inayofuata anakuja mwingine na swali lililogeuka nje ndani: hati aliyodhani ni ya watu wanane wa ofisini mwake imeonekana na mtu asiyemfahamu kabisa, na anataka kujua mlango uliachwa wazi wapi. Maswali haya mawili yana shina moja, na kwa kuwa nimeyajibu mara nyingi kwa simu, nimeona afadhali niyaandikie mwongozo mmoja utakaoweza kuusoma taratibu huku hati yako iko wazi mbele yako.

Nimetumia mafaili ya Google Drive, yaani hifadhi ya mafaili ya Google iliyo mtandaoni, yaliyopachikwa kwenye tovuti ya ndani iliyotengenezwa kwa Google Sites, programu ya Google ya kujenga tovuti, kwa sababu huko ndiko maswali mengi yanakotoka. Slack na Microsoft Teams, programu za mazungumzo ya kazini, nimezigusa pia, maana hati moja siku hizi hupita katika programu mbili au tatu kabla ya saa sita mchana.

Jambo la kushika kabla ya hatua yoyote ni hili: ukipachika hati kwenye ukurasa, hujaihamisha wala hujainakili. Umetoboa dirisha ukutani, na hati yenyewe imebaki Drive na kufuli lake lile lile. Msomaji anapofungua ukurasa, kivinjari chake huenda Drive na kuulizwa huyu ni nani na anaruhusiwa nini. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kukagua, kila moja peke yake: ruhusa ya ukurasa, ruhusa ya hati, na akaunti ambayo msomaji ameingia nayo. Ruhusa ya ukurasa haimpi mtu ruhusa ya hati, na ruhusa ya hati haimpi mtu ruhusa ya ukurasa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na akaunti ya kazi, yaani ile yenye anwani ya taasisi yako, na uwe mmiliki wa hati au mhariri aliyeachiwa uwezo wa kuishirikisha. Uwe na orodha ya wasomaji iliyoandikwa mahali, hata kama ni kwenye karatasi. Mjue msimamizi wa mfumo wa taasisi yako, kwa sababu yapo mambo ambayo ni yeye tu anayeweza kuyafungua. Mwisho, tafuta mwenzako mmoja atakayekubali kukujaribia kwa dakika tano, awe na cheo na ruhusa kama za wasomaji wako wa kawaida. Mkurugenzi hafai kwa kazi hii, kwa kuwa mara nyingi tayari ameongezwa kila mahali, na kwake kila kitu kitafunguka.

Hatua ya 1: Jua hati inaishi wapi na ni ya nani

Fungua Drive, tafuta hati, kisha angalia maelezo yake. Ikiwa iko kwenye hifadhi binafsi ya mfanyakazi, mmiliki ni huyo mtu. Ikiwa iko kwenye hifadhi ya pamoja, mmiliki ni taasisi. Tofauti hii huonekana ndogo hadi siku mtu anapoacha kazi: akaunti yake ikifutwa bila mafaili yake kukabidhiwa kwa mwingine, kila dirisha lililokuwa likitazama hati zake linabaki tupu, na msimamizi ana siku 20 tu za kuirejesha akaunti hiyo. Hati yoyote ambayo ofisi inaitegemea kila mwezi ipeleke kwenye hifadhi ya pamoja kabla hujaipachika popote.

Angalia pia folda iliyomo. Hati hurithi ruhusa za folda, kwa hiyo ukiidondosha kwenye folda iliyoshirikishwa na watu arobaini, watu hao arobaini wameipata hata kama hukutaja jina la yeyote kati yao.

Hatua ya 2: Amua nani aone na nani aguse

Drive ina ngazi tatu ambazo utazitumia kila siku. Mtazamaji husoma tu, mtoa maoni husoma na kuandika maoni pembeni bila kubadilisha maandishi, na mhariri hubadilisha. Hati iliyopachikwa ukurasani, kwa kadiri ya uzoefu wangu, karibu kila mara huhitaji watazamaji wengi na wahariri wawili au watatu. Ukijikuta unaandika wahariri kumi na watano, rudi ujiulize kama wote watahariri kweli au unaogopa tu kwamba atakuja mmoja kulalamika.

Pale inapowezekana, toa ruhusa kwa kikundi badala ya mtu mmoja mmoja. Msimamizi akiwa ameunda kikundi cha barua pepe cha wahasibu, ukikipa kikundi hicho ruhusa, mhasibu mpya ataiona hati siku anapoingizwa kwenye kikundi, na anayehama idara ataipoteza siku anapotolewa. Hutahitaji kupitia hati thelathini kumtafuta mtu aliyeondoka.

Hatua ya 3: Weka ruhusa kwenye hati yenyewe

Fungua hati na ubonyeze kitufe cha kushiriki kilicho kona ya juu kulia. Dirisha litakaloibuka lina sehemu mbili, na hapa ndipo wanaoanza wengi hujichanganya. Sehemu ya juu ni orodha ya watu na vikundi uliowataja kwa anwani. Sehemu ya chini ni ruhusa ya jumla, nayo ina hali tatu kwa mwenye akaunti ya taasisi: kufungwa, ambapo ni waliotajwa tu wanaoingia, kila mtu wa taasisi, au mtu yeyote mwenye kiungo. Mwenye akaunti ya kawaida ya Gmail haioni ile hali ya katikati, na hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutofanyia kazi za ofisi kwenye akaunti binafsi.

Kwa hati inayohusu idara moja, iache imefungwa na utaje kikundi. Kwa hati ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuisoma, kwa mfano kanuni za likizo, chagua kila mtu wa taasisi, kwa ngazi ya mtazamaji. Hali ya mtu yeyote mwenye kiungo ibaki kwa hati ambazo ungekuwa radhi kuzibandika kwenye ubao wa matangazo ulio nje ya geti.

Kumbuka kwamba mtu akipewa ruhusa kwa njia mbili, inayofanya kazi ni ile kubwa. Ukimtaja kuwa mtazamaji kwenye orodha ya juu, kisha ruhusa ya jumla ikawa mhariri kwa yeyote mwenye kiungo, mtu huyo atahariri, na orodha yako ya juu haitamzuia.

Onyo hili nalitoa kwa uchungu, kwa sababu nililiona kwa macho yangu katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi. Ilikuwa Jumatatu saa mbili asubuhi, kikao cha bajeti kimeanza, ukurasa wa idara umetupwa ukutani kwa projekta, na mahali pa jedwali pakawa na kisanduku cha kijivu kinachosema huna ruhusa. Mhasibu, watu wote wakimtazama, alifungua simu yake na kubadilisha ruhusa ya jumla kuwa mtu yeyote mwenye kiungo, tena kwa ngazi ya mhariri, kwa kuwa ndiyo aliyoigusa kwanza. Jedwali likafunguka, kikao kikaendelea, na hakuna aliyerudi kulifunga. Miezi saba baadaye niliingia kwenye jedwali hilo kutafuta tarakimu moja, nikaona juu kulia picha ndogo ya mnyama, ile ambayo Google humpa mgeni aliyeingia kwa kiungo cha wazi bila kujulikana. Ukurasani ilikuwa imepachikwa karatasi ya kwanza tu ya jedwali, yenye bajeti. Karatasi ya tatu ilikuwa na majina ya vibarua, namba zao za simu na namba zao za akaunti za benki.

Ruhusa hutolewa kwa faili zima. Dirisha linaweza kuonyesha karatasi moja, lakini mwenye kiungo akikifungua kwenye kichupo chake mwenyewe anaziona zote. Kuficha karatasi au safu si kufuli, kwa sababu anayeruhusiwa kutengeneza nakala ataifichua kwenye nakala yake. Data za watu zinapaswa kukaa kwenye faili lao peke yake. Hili si suala la unadhifu tu: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Namba ya simu ya kibarua ni taarifa binafsi chini ya sheria hizo, na ofisi inayoikusanya ndiyo inayowajibika kuilinda.

Hatua ya 4: Fungia wahariri uwezo wa kuishirikisha

Ndani ya dirisha lile lile la kushiriki kuna alama ya gia. Ibonyeze. Utaona chaguo linalowaruhusu wahariri kubadilisha ruhusa na kuongeza watu, nalo huwa limewashwa tangu mwanzo. Lizime kwa hati yoyote nyeti, ili maamuzi ya nani aingie yabaki kwako. Kuna chaguo jingine linalowaruhusu watazamaji na watoa maoni kupakua, kuchapa na kunakili. Ukilizima utapunguza nakala zinazozagaa, ingawa anayeona kitu kwenye skrini anaweza kukipiga picha kwa simu, na hakuna mpangilio wa kumzuia.

Hatua ya 5: Pachika

Fungua Google Sites kwenye ukurasa unaoujenga, nenda sehemu ya kuingiza upande wa kulia, chagua Drive, tafuta hati, kisha uiingize. Vuta kingo za kisanduku hadi maandishi yasomeke bila kubana.

Kwenye programu nyingine isiyo na njia hiyo ya moja kwa moja, nakili anwani ya hati na, mahali paliposomeka edit mwishoni, weka preview. Utapata mwonekano safi usio na menyu za kuhariri. Ruhusa haibadiliki hata kidogo kwa kufanya hivyo, kwa hiyo asiyeruhusiwa bado hataingia.

Chini ya kila hati uliyoipachika, weka pia kiungo cha kawaida chenye maneno kama "Fungua hati hii kwenye Drive". Utaona faida yake kwenye sehemu ya matatizo.

Hatua ya 6: Weka ruhusa ya ukurasa

Google Sites hutenganisha rasimu na tovuti iliyochapishwa. Wanaoweza kuhariri rasimu wana orodha yao, na wanaoweza kusoma tovuti iliyochapishwa wana yao: waliotajwa, taasisi nzima, au umma. Hakikisha wasomaji wa tovuti na wasomaji wa hati ni watu wale wale. Tovuti ikiwa ya umma na hati ikawa ya taasisi, mgeni atakutana na kisanduku kilichofungwa, jambo linaloonekana vibaya lakini halina madhara. Hati ikiwa wazi kwa yeyote na tovuti ikawa imefungwa, huna ulinzi wowote, kwa sababu kiungo cha hati kinaweza kunakiliwa na kutumwa WhatsApp bila tovuti kuhusika.

Hatua ya 7: Jaribu kwa macho ya mwingine

Usijaribu kwa akaunti yako, kwani wewe ni mmiliki na utaona kila kitu siku zote. Fungua kwanza dirisha la faragha la kivinjari, ambalo halijaingia akaunti yoyote, ubandike anwani ya hati. Ikifunguka, hati yako iko wazi kwa dunia nzima, na kama hukukusudia hivyo, rudi Hatua ya 3 sasa hivi. Kisha mwombe yule mwenzako afungue ukurasa kwa kompyuta na kwa simu, akueleze anachokiona neno kwa neno. Jibu la "imegoma" halitoshi. Mwambie akusomee maandishi yaliyo kwenye kisanduku, maana kila ujumbe una sababu yake.

Hatua ya 8: Ukiituma hati ile ile Slack au Teams

Kiungo cha Drive kikibandikwa kwenye Slack hakibebi ruhusa. Taasisi ikiwa imeunganisha Drive na Slack, utapata ujumbe unaokuuliza kama unataka kuwapa ruhusa wale wa chaneli wasioweza kuifungua hati. Usome kabla ya kubonyeza, kwa sababu chaneli inaweza kuwa na wageni wa kutoka taasisi nyingine, na haraka ya kuondoa ujumbe huo mbele ya macho imefungua hati nyingi.

Kupakia faili ni jambo jingine kabisa. Ukilipakua kutoka Drive na kulipakia kwenye mazungumzo, umetengeneza nakala inayojitegemea. Kesho ukimfungia mtu hati ya Drive, nakala ile itabaki mikononi mwake, tena ikiwa na tarakimu za jana.

Kwa upande wa Teams, jua faili linakaa wapi. Lililotumwa kwenye chaneli huhifadhiwa kwenye SharePoint ya timu, yaani hifadhi ya pamoja ya Microsoft, na wanatimu wote hulifikia, isipokuwa chaneli iwe ya faragha, ambayo ina eneo lake la SharePoint peke yake. Lililotumwa kwenye mazungumzo ya watu wawili hukaa kwenye OneDrive, yaani hifadhi binafsi ya Microsoft, ya aliyelituma. Akaunti ya mtumaji ikifutwa, kwa mpangilio wa kawaida OneDrive yake huhifadhiwa siku 30 kisha hufutwa, na mkataba uliodhani uko salama kwenye mazungumzo unakwenda nao.

Mahali ambapo yaliyomo hupita kando ya kufuli

Mpaka hapa nimesema kufuli la hati linafuata hati kila iendako. Zipo njia chache ambazo hali si hiyo, na wengi wanaopoteza data hupotezea humu, kwa hiyo zisome bila haraka.

Ya kwanza ni kuchapisha kwenye wavuti. Ndani ya menyu ya faili, chini ya kushiriki, kuna chaguo la kuchapisha hati kwenye wavuti, na wengi hulichukua kwa kuwa hutoa msimbo wa kupachika ulio tayari. Chaguo hilo hutengeneza toleo la umma linalosomwa na yeyote duniani, hata kama ruhusa ya hati yenyewe imefungwa. Kumwondoa mtu kwenye orodha ya kushiriki hakulifuti. Ni lazima urudi pale pale na kusimamisha uchapishaji. Utalitambua toleo hilo kwa anwani yake: huwa na herufi 2PACX katikati na huishia pub au pubhtml. Ukikuta anwani ya namna hiyo imepachikwa kwenye ukurasa wa ndani wa ofisi yako, mtafute aliyeiweka leo hii.

Ya pili ni chati na majedwali yanayobandikwa kwenye hati ya maandishi yakiwa yameunganishwa na jedwali la asili. Kila anayeona hati huiona chati hiyo, hata kama hana ruhusa ya jedwali. Mara nyingi ndivyo unavyotaka, maana bodi inahitaji mchoro wa mapato bila kuingia kwenye hesabu zenyewe. Lakini anayebandika safu za mishahara akitumaini kwamba kufuli la jedwali litazifunika amekosea, kwa sababu zile safu sasa ni sehemu ya hati.

Ya tatu ni fomula ya IMPORTRANGE, inayovuta data kutoka jedwali moja kwenda jingine. Mara ya kwanza hukuomba uruhusu muunganiko, unabonyeza mara moja, na safu ulizotaka zinatokea. Wengi hudhani wameruhusu zile safu tu. Ukweli ni kwamba tangu hapo mhariri yeyote wa jedwali pokezi anaweza kuvuta sehemu yoyote ya jedwali la asili, karatasi yoyote, kwa kubadilisha maneno machache kwenye fomula, na hali hiyo hudumu hadi aliyetoa kibali aondolewe kwenye jedwali la asili. Unapotaka kumpa mwenzako jumla ya mwezi, tengeneza jedwali la kati lenye jumla hizo peke yake, kisha umruhusu avute kutoka humo.

Ya nne inahusu fomu. Fomu ya Google iliyopachikwa inaweza kujazwa na umma huku jedwali la majibu likibaki limefungwa, na huo ni mpango mzuri. Angalia tu, kwenye mipangilio, chaguo la kuwaonyesha wajazaji muhtasari wa majibu. Likiwashwa, anayejaza anaweza kusoma waliyoandika wenzake, pamoja na majina na namba zao ikiwa fomu imeyauliza.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Wasomaji wote wanaombwa kuomba ruhusa.* Hati imefungwa na kikundi hakijatajwa, au kimetajwa kwa anwani yenye kosa. Rudi Hatua ya 3. Maombi ya ruhusa yakikufikia kwa barua pepe, usiyapitishe kwa mkupuo. Angalia anwani ya kila mwombaji, kwa kuwa mfanyakazi anayeomba kwa Gmail yake binafsi anapaswa kuelekezwa aingie kwa akaunti ya kazi, na asiye mfanyakazi apigiwe simu kwanza.

*Mmoja tu ndiye anayekataliwa, na jina lake limo.* Karibu kila mara ameingia akaunti mbili kwenye kivinjari kimoja, na dirisha linatumia ile aliyoingia kwanza, ambayo ni ya binafsi. Atoke kwenye akaunti zote, kisha aingie ya kazi kwanza. Dawa ya kudumu ni kuwa na wasifu mbili za kivinjari, mmoja wa kazi na mmoja wa nyumbani. Kwenye simu, abonyeze picha yake ndani ya programu ya Drive na achague akaunti ya kazi.

*Kisanduku ni kitupu, au kinamtaka aingie akaunti na akiingia kinarudi pale pale.* Kivinjari chake kinazuia vidakuzi (alama ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari ili kumtambua mtu) vya tovuti za nje, kwa hiyo Drive haiwezi kumtambua akiwa ndani ya ukurasa wa programu nyingine. Safari, kivinjari cha Apple, kimekuwa kikivizuia bila kuulizwa tangu mwaka 2020. Hapa ndipo kile kiungo cha Hatua ya 5 kinapomwokoa: akifungua hati kwenye kichupo chake, atatambuliwa na kuingia. Tafadhali usitatue tatizo hili kwa kuifungua hati kwa umma.

*Mshirika wa nje ametajwa kwa jina na bado hafiki, au mfumo unakataa kabisa kumwongeza.* Msimamizi amezuia kushirikisha nje ya taasisi. Mwandikie, ueleze ni hati gani, ni nani, na kwa muda gani. Baadhi ya vifurushi vya Google Workspace, yaani huduma ya Google ya kulipia kwa taasisi, hukuruhusu kuweka tarehe ya kuisha kwa ruhusa ya mtu mmoja, na ombi lenye tarehe ya mwisho husikilizwa upesi zaidi.

*Tarakimu zinazoonekana ni za zamani.* Chati iliyounganishwa kwenye hati husubiri mhariri abonyeze kitufe cha kusasisha kilicho juu yake. Toleo lililochapishwa kwenye wavuti hujisasisha lenyewe, ila huchelewa dakika kadhaa. Kama si hayo, huenda kilichopachikwa ni nakala iliyopakiwa.

*Hati imetoweka kwa kila mtu.* Angalia kwanza takataka za Drive, ambako vitu hukaa siku 30 kabla ya kufutwa moja kwa moja. Kama haimo, uliza kama mmiliki ameondoka kazini karibuni, na uzihesabu zile siku 20 za Hatua ya 1 kabla ya kumpigia msimamizi.

*Niliyemwondoa bado anaiona.* Pitia kwa mpangilio huu: ruhusa ya jumla ya hati, ruhusa ya folda iliyomo, vikundi ambavyo mtu huyo bado ni mwanachama wake, kisha toleo lililochapishwa kwenye wavuti. Moja kati ya hayo manne ndilo linalomwingiza. Ukiyakuta yote yamefungwa na bado anazo data, basi ana nakala aliyoipakua kabla ya kuondolewa, na hiyo hakuna mpangilio wa Drive utakaoirudisha. Andika tarehe, yaliyokuwemo kwenye faili na majina ya watu ambao taarifa zao zimo, kisha ukabidhi maelezo hayo siku hiyo hiyo kwa anayesimamia ulinzi wa data katika ofisi yako.